Chombo Kigumu Chataka Mkono Makini

Jioni ya Jumapili moja katika mwezi wa Agosti, mwaka 2022, wanawake wapatao ishirini walikuwa wameketi katika ukumbi wa shule ya msingi iliyo karibu na kambi ya jeshi, kaskazini mwa Uganda. Kila mmoja alikuwa na simu yake mkononi. Waume zao walikuwa Somalia, katika kikosi cha Umoja wa Afrika, ambako askari wa Uganda waliingia mara ya kwanza mwezi wa Machi, 2007. Kwa muda wa miezi mitatu, Jumapili ilikuwa siku ya kuonana kwa sura: mke hapa, mume kule, na watoto wakigombania nafasi mbele ya kioo cha simu. Mama mmoja alikuja na mtoto mchanga wa siku kumi na mbili, amemfunga katika kitenge kipya, ili babaye amwone kwa mara ya kwanza.

Jioni hiyo haikuonekana sura ya mtu yeyote. Mvua kubwa ilikuwa imenyesha tangu adhuhuri, na sanduku la mawimbi lililokuwa juu ya mlingoti, pembeni mwa paa la ukumbi, lilikuwa limenyamaza.

"Mwalimu, mtambo wako leo hausemi?" akaniuliza yule mama.

"Subiri kidogo, mama, utasema tu," nikamjibu. Haukusema.

Mimi ni mtumishi wa ofisi ya elimu ya wilaya. Nilisomea ualimu kabla ya kuingia ofisini, na mkono uliolifunga sanduku lile ni mkono wangu. Kosa nililolifanya nitalitaja mahali pake. Kwanza yafaa tufahamu chombo hiki ni kitu gani na jinsi kinavyowekwa, kwani siku hizi vyombo vya namna hii vimeenea katika shule, zahanati, maghala na vituo vya polisi, na aghalabu hufungwa na watu kama mimi, wasiokuwa wahandisi.

SANDUKU LA MAWIMBI

Wengi wetu tumekwisha kuona ruta ndogo za plastiki zikaazo juu ya kabati, zikitoa waifai kwa nyumba nzima. Kazi ya chombo hicho ni kuyapokea mawasiliano ya intaneti yajayo kwa waya, au kwa laini ya simu, na kuyatawanya hewani ili simu na kompyuta ziyapate. Kanuni za kwanza za mawasiliano haya zilitangazwa mwaka 1997 na chama cha wahandisi cha IEEE kilichoko Marekani, na tangu siku hizo zimeendelea kutengenezwa upya.

Walakini ruta ya kabatini haiwezi kuishi nje. Vumbi la kiangazi huiziba, mvua huiozesha, na jua la mchana huiyeyusha akili. Kwa ajili hiyo viwanda vikatengeneza chombo cha aina nyingine: mwili wake ni wa chuma au plastiki nene, hakina feni wala matundu ya hewa, na kila mahali pa kuingizia waya pana kifuniko cha kukaza kwa skrubu chenye pete ya mpira ndani yake. Mengi ya masanduku haya huweza kustahimili baridi ya nyuzi 40 chini ya sifuri hadi joto la nyuzi 70 au kupita. Yalikusudiwa migodi, bandari, reli na viwanda. Kwetu yameonekana kufaa hata kwa shule ya mabati.

Ubavuni mwake utakuta kibandiko chenye herufi IP na tarakimu mbili. Tarakimu ya kwanza yahusu vumbi, nayo kikomo chake ni 6, maana yake vumbi haliingii kabisa. Tarakimu ya pili yahusu maji. Ikiwa 6, chombo chaweza kupigwa na maji ya nguvu yatokayo katika mpira. Ikiwa 7, chaweza kuzamishwa katika maji ya kina cha meta moja kwa dakika 30 kisidhurike. Sanduku letu lilikuwa la IP67. Nilipoisoma tarakimu hiyo niliridhika moyoni, nikadhani mvua si neno tena. Hapo ndipo makosa yangu yalipoanzia.

KWANZA MEZANI, KISHA MLINGOTINI

Kanuni ya kwanza ni hii: usipande ngazi kabla hujamaliza kazi ya mezani. Askari hasafishi bunduki yake akiwa katikati ya mapambano; huisafisha kambini. Hali kadhalika, mipangilio yote ya sanduku ifanywe ofisini, mahali pakavu, penye kiti na mwanga.

Sanduku huungwa na kompyuta kwa waya wa mtandao. Kibandiko hutaja anwani ambayo kiwanda kimelipa, na kompyuta yapasa ipewe anwani ya ukoo huohuo. Kwa mfano, ikiwa sanduku lina 192.168.1.1, kompyuta yaweza kupewa 192.168.1.10: mafungu matatu ya mwanzo yawe sawa, fungu la mwisho lihitilafiane. Kisha anwani ya sanduku huandikwa katika programu ileile tunayosomea kurasa za intaneti, na mlango wake hufunguka, ukauliza jina la mtumiaji na neno la siri.

Jina na neno hilo la kiwandani ni la kubadilishwa mara moja, kabla ya jambo lingine lolote. Askari na polisi hawahitaji kufundishwa maana ya neno la siri. Mlinzi wa lango aulizaye neno, na neno lenyewe likawa linajulikana na kijiji kizima, ana faida gani? Maneno ya kiwandani huchapishwa katika vitabu vya maelezo, na yeyote duniani aweza kuyasoma. Mwaka 2016 programu mbaya iliyopewa jina la Mirai ilizunguka ulimwenguni ikibisha hodi katika kamera na ruta, mkononi ina orodha ya majina na maneno ya kiwandani yapatayo sitini tu. Palipofunguka, iliingia na kukiteka chombo. Tarehe 21 Oktoba ya mwaka huo, jeshi la vyombo vilivyotekwa liliishambulia kampuni ya Dyn ya Marekani, na kwa saa kadhaa watu wengi wa huko hawakuweza kufungua Twitter na kurasa nyingine mashuhuri. Wenye vyombo hivyo walikuwa majumbani mwao, hawana habari.

Likiisha kubadilishwa neno la siri, yafuatayo yatengenezwe kwa utaratibu.

Programu ya ndani. Kiwanda hutoa programu mpya kila kinapogundua tundu la usalama. Ipakuliwe kutoka kwa kiwanda chenyewe, na umeme usikatwe kazi hiyo inapoendelea, ama sivyo sanduku laweza lisiamke tena.

Nchi. Sanduku huuliza linafanya kazi nchi gani, kwa sababu masafa na nguvu za mawimbi zinazoruhusiwa si sawa kila mahali. Chagua Uganda. Usichague nchi nyingine kwa tamaa ya kuongeza nguvu, kwani utaweza kuyavuruga mawasiliano ya wengine, na masafa ni mali ya taifa yenye sheria zake.

Jina na ulinzi wa mtandao. Jina lisitangaze kikosi wala ofisi, "Ukumbi" latosha. Ulinzi uwe WPA3, uliotoka mwaka 2018, au walau WPA2 wa mwaka 2004 kwa ajili ya simu za zamani. Ule wa WEP usitumike kamwe, kwani tangu mwaka 2001 wataalamu walikwisha kuonyesha jinsi unavyovunjika. Neno la kuingilia liwe refu: maneno manne au matano yasiyohusiana, yaliyounganishwa, hukumbukwa kwa urahisi na ni magumu kubahatishwa.

Chaneli. Katika masafa ya gigahezi 2.4, chaneli zisizopandana ni tatu, yaani 1, 6 na 11. Jirani akitumia 1, wewe chukua 6 au 11. Watu wawili wakisema kwa pamoja chumbani, hakuna asikiaye. Masafa ya gigahezi 5 yana nafasi zaidi na kasi zaidi, lakini hudhoofika upesi yakutanapo na ukuta.

Mgawaji wa anwani. Kila simu iingiapo mtandaoni hupewa anwani yake. Mgawaji awe mmoja tu. Ikiwa ruta iliyo ndani ndiyo igawayo, sanduku la nje liambiwe lisigawe. Mabwana posho wawili katika bohari moja, kila mmoja na daftari lake, huleta ugomvi. Askari wawili hupewa namba moja, na wote wawili hulala njaa. Vilevile sanduku lenyewe lipewe anwani yake ya kudumu isiyofanana na ya ruta.

Mgawanyo wa wageni. Mtandao wa akina mama na watoto utenganishwe na kompyuta za ofisi zenye alama za mitihani na mishahara ya walimu. Na mlango wa mipangilio ufungwe upande wa hewani, ili abadilishaye mipangilio awe ni yule tu aliye na waya mkononi ofisini.

Mwisho, nakala ya mipangilio yote ihifadhiwe, na mambo yote yaandikwe katika daftari lifungiwalo kabatini: tarehe, anwani, chaneli, na jina la aliyefanya kazi. Mtumishi huhamishwa, daftari hubaki.

MAHALI PA KULIWEKA

Mawimbi hayapiti katika bati. Sanduku likiwekwa juu ya paa la mabati, na watu wakae chini yake, watapata kidogo sana. Tena antena iliyosimama wima haitawanyi mawimbi pande zote kwa usawa. Umbo lake lafanana na kata, ile ambayo mama huitia kichwani chini ya mtungi: nene pande zote za ubavuni, tupu katikati. Chini kabisa ya mlingoti ndipo penye upungufu. Kwa hiyo tulilifunga sanduku nje, upande wa madirisha, juu kidogo ya vichwa vya madirisha hayo, ili mawimbi yaingie kwa ubavu. Palipohitajika kufika mbali upande mmoja tu, ingefaa antena ya kuelekeza, ambayo ni kama kurunzi, hali ile nyingine ni kama taa ya chemli.

Waya wa mtandao usipite meta 100 kutoka chombo kimoja hadi kingine. Uwe wa kutumika nje, wenye ganda lisilopasuliwa na jua. Waya huohuo hubeba na umeme: kanuni ya mwaka 2003 huruhusu wati 15.4, na ile ya mwaka 2009 wati 30. Hivyo hapana haja ya kupeleka umeme wa volti 240 juu ya paa. Kisanduku cha kutia umeme katika waya hukaa ndani, pakavu. Kabla ya kununua hakikisha sanduku lako lahitaji kanuni ipi. Na waya unapolikaribia sanduku, uache ushuke chini kidogo kama tumbo kisha upande kuingia, ili maji ya mvua yadondoke pale tumboni yasifuate waya hadi ndani.

RADI HAINA MZAHA

Nchi yetu ni nchi ya radi. Tarehe 28 Juni, 2011, radi iliipiga Shule ya Msingi ya Runyanya, katika wilaya ya Kiryandongo, ikaua wanafunzi 18. Mtu afungaye chuma kirefu juu ya darasa na awakumbuke watoto hao kabla hajakaza nati ya kwanza.

Mlingoti na mwili wa sanduku yapasa viungwe na ardhi kwa waya mnene wa shaba, mfupi, ulionyooka, uendao kwenye fimbo iliyozikwa na kuunganishwa na ardhi ya umeme wa jengo. Kinga za mshtuko ziwekwe kwenye waya wa mtandao, moja karibu na sanduku na nyingine pale uingiapo nyumbani. Lakini tusidanganyane: mambo haya husaidia dhidi ya mshtuko wa radi iliyopiga jirani. Radi ipigayo jengo lenyewe yahitaji kinga kamili ya jengo zima, nayo ni kazi ya fundi aliyehitimu. Shule isiyokuwa na kinga hiyo isisimamishe mlingoti mrefu kupita paa. Na wingu likianza kunguruma, hakuna mtu wa kupanda ngazi, hata afande mkubwa akihimiza.

KWA MAMA WA NYUMBANI

Mtandao ukiwa tayari, ulinzi unabaki mikononi mwa watumiao. Jina la mtandao si kitambulisho; mtu yeyote aweza kuuita mtandao wake "Ukumbi" na kukusubiri. Ukiona jina mnalolijua halidai neno la siri kama lilivyozoea, usiingie. Namba ya siri ya pesa za simu usiiandike katika ukurasa wowote uliokufungukia wenyewe, wala usimpe mtu ajiitaye fundi wa mtandao. Fundi wa kweli hana haja nayo.

Tena, mama, unaposema na mumeo aliye kazini mbali, msalimu, mwonyeshe watoto, mweleze habari za shamba na karo. Usimwulize yuko kilima gani wala atasafiri siku gani. Ukutani mwa ukumbi tuliyabandika maneno hayo, na akina mama wenyewe ndio walioyasimamia kuliko sisi.

KIFUNIKO KIMOJA

Sasa narudi kwenye kosa langu. Jumatatu asubuhi jua lilipotoka, nilimwita sajini mmoja wa mawasiliano kutoka kambini. Alipanda ngazi, akaliteremsha sanduku, akaliweka juu ya meza na kuligeuza upande wa chini. Upande huo mlikuwa na matundu matatu. Moja lilikuwa na waya, umekazwa vema. La pili lilikuwa na kifuniko. La tatu, lile nililolitumia mezani siku ya mipangilio, lilikuwa wazi.

"Mwalimu," akasema, "kifuniko cha hapa kiko wapi?"

Sikuwa na la kujibu. Alilifungua sanduku, tukaona maji yametuama pembeni, na vijino vya shaba vimefanya ukungu wa kijani. Maji hayakuingia kwa siku moja. Yalikuwa yakiingia kidogo kidogo kwa miezi mitatu, na mvua ya Jumapili ikamaliza kazi. Jioni ile, nyumbani, nilipapasa mfuko wa koti nililolivaa siku ya kulifunga sanduku. Kifuniko kilikuwamo, na pete yake ya mpira.

Ile tarakimu ya IP67 haikuwa uongo. Lakini kiwanda hukipima chombo kikiwa kimefungwa vifuniko vyote. Chenye tundu wazi si IP67 tena, ni kopo tu lililotundikwa mvuani. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta; nami sikuwa na fedha za kujenga ukuta. Sanduku lingine lilipatikana baada ya majuma saba, kutoka katika fungu lililokusudiwa kununulia vitabu vya darasa la nne. Watoto hao walikuwa tayari wamepoteza karibu miaka miwili, maana shule zetu zilifungwa kwa ajili ya korona mwezi wa Machi, 2020, na hazikufunguliwa zote hadi tarehe 10 Januari, 2022. Nikawapunguzia tena vitabu kwa sababu ya kifuniko kisichozidi ukubwa wa kifungo cha koti.

Na yule mama? Katika majuma hayo saba mumewe alipelekwa kituo cha mbele kisichokuwa na mawasiliano ya namna hiyo. Alipomwona mtoto wake kwa mara ya kwanza, mtoto alikuwa amekwisha kuanza kuketi, na ana meno mawili. Mama hakunilaumu. Alisema tu, "Mwalimu, safari hii umelifunga vizuri?" Nikamwonyesha daftari.

Katika daftari hilo sasa mna ukurasa wa ukaguzi. Kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi, na kila baada ya tufani, watu wawili hulikagua sanduku: mmoja hushika ngazi, mwingine hupanda. Huhesabu vifuniko, moja, mbili, tatu, kwa sauti, na wa chini huandika. Hutazama kama waya umepasuka, kama tumbo lake bado liko, kama nati zimelegea, na kama waya wa ardhini haujaibwa. Kisha ofisini hutazama orodha ya simu zilizoingia, na neno la kuingilia hubadilishwa kila muhula. Kazi yote haizidi nusu saa.

Basi, ndugu msomaji, ukikabidhiwa chombo cha namna hii, uwe askari, polisi, mwalimu au mganga wa zahanati, usistaajabie unene wa chuma chake. Kihesabu vifuniko vyake kabla ya kupanda ngazi, uvihesabu tena juu ya ngazi, na ukiisha kushuka, pekua mifuko yako.